Bustani ya Jeevanjee na Viwanja Vyetu

Msafiri atokaye kisiwani kwetu akafika Nairobi, na akawa na saa moja ya kupoteza kabla ya shughuli zake, mara nyingi huelekezwa kwenye bustani moja iliyo katikati ya mji ule, kando ya Moi Avenue. Humo atakuta watu wameketi chini ya miti. Mhubiri anapaza sauti, mpiga picha anatafuta wateja, kijana anasoma gazeti alilookota, na mzee amelala amejifunika uso kwa kofia. Hakuna anayemwuliza mwenzake ana kazi gani pale, wala hakuna anayedaiwa kiingilio. Mahali hapo panaitwa Bustani ya Jeevanjee. Wengi wa wale waketio humo hawajui Jeevanjee alikuwa nani, na wengi wetu tulioko Mvita hatukumbuki kwamba mtu huyo, ambaye mkono wake ulijenga sehemu kubwa ya Nairobi ya mwanzo, alianzia kazi yake hapa kwenye bandari yetu.

Leo tumeona vema tuieleze habari yake. Hatufanyi hivyo kwa nia ya kumsifu tajiri, kwani matajiri hawajapata kukosa wa kuwasifu. Twaieleza kwa sababu katika siku hizi, ambapo kisiwa hiki chenye eneo la kilomita za mraba 14 hivi kinanyanyuliwa maghorofa kila pembe, na ambapo kiwanja kilichokuwa cha watoto jana huonekana leo kimezungushiwa mabati, maisha ya mjenzi huyo yana jambo la kuwafunza wenyeji wa kisiwa na wakuu wa serikali pia.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856, katika jamii ya Mabohora. Alianza kutafuta riziki angali kijana, akazunguka nchi mbalimbali hata akafika Australia kwa biashara. Mwaka wa 1890 alishuka Mombasa. Wakati huo mambo ya kisiwa hiki yalikuwa yanageuka upesi. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kufanya biashara Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuweka ofisi zake hapa, na mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ilishika hatamu. Mwaka uliofuata, yaani 1896, reli ya Uganda ilianza kutandazwa kutoka Kilindini.

Kwa mtu mwenye jicho la biashara, reli hiyo ilikuwa mlango. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya ujenzi wake, na watu hao walihitaji kuletwa, kulishwa na kujengewa. Jeevanjee alishika mikataba ya kuleta wafanyakazi, ya kuwapatia chakula, ya kuchonga miamba na ya kujenga majumba. Tusisahau bei ya kazi ile. Zaidi ya watu 2,400 miongoni mwa hao walioletwa walikufa, kwa maradhi, kwa ajali na kwa wanyama wakali, na wengine maelfu walirudi kwao wakiwa vilema au wagonjwa. Utajiri wa mkandarasi yeyote wa reli ile umesimama juu ya migongo ya watu ambao majina yao hayakuandikwa penye jiwe lolote. Mwenye kueleza habari ya Jeevanjee kwa haki hana budi kuanzia hapo.

Ilikuwa papa hapa Mombasa pia ambapo Jeevanjee, mwanzoni mwa karne ya 20, alianzisha gazeti lililoitwa African Standard. Aliliuza mwaka wa 1905, likahamia Nairobi mwaka wa 1910, na ndilo ambalo hata leo husomwa kwa jina la The Standard. Sisi tulio katika kazi ya magazeti twamtambua kwa hilo.

Lakini jina lake halikujengwa kwa gazeti. Lilijengwa kwa mawe, mabati na ardhi. Reli ilifika mahali palipoitwa Nairobi mwaka wa 1899. Palikuwa tambarare yenye kinamasi, pasipofaa kwa afya, na palichaguliwa na wahandisi kwa ajili ya mapumziko ya treni kabla ya kupanda milima. Wengi walipaona ni kambi tu. Jeevanjee alitambua mapema kwamba penye karakana ya reli patakuwa na mji, na penye mji ardhi haitakuwa rahisi tena. Alijenga ofisi na nyumba za maofisa, akawapangisha wenye serikali majengo ambayo wao wenyewe hawakuwa na fedha wala haraka ya kuyajenga. Makao makuu ya utawala yalipohamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi mwaka wa 1905, jambo ambalo wazee wetu walilisikitikia kwa miaka mingi, yalihamia kwenye mji ambao kwa kiasi kikubwa ulikuwa umejengwa na mkandarasi aliyetoka Mombasa.

Moyo wa mji huo mchanga haukuwa penye ofisi. Ulikuwa kwenye mtaa wa wahamiaji ulioitwa Bazaar. Huko ndiko walikokaa Wahindi waliomaliza mikataba ya reli wakachagua kubaki, pamoja na wenye maduka waliowafuata. Duka lilikuwa mbele na nyumba nyuma, na baina ya duka moja na jingine hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata mkokoteni. Nyumba zilikuwa za mbao na mabati. Mitaro haikuwepo, na mvua iliponyesha kinamasi kilirudi kudai mahali pake. Mzungu aliyetaka sukari, Mkikuyu aliyeleta mboga, Mmasai aliyetaka shanga, na Mswahili wa pwani aliyefuata msafara wa reli, wote walikutana hapo. Mtaa huo ulilisha mji mzima, ingawa mji haukuutaka.

Mwaka wa 1902 tauni iliingia katika Bazaar. Dawa iliyoonekana na wakuu ilikuwa moto, wakaamuru mtaa uchomwe. Wakazi wake hawakuulizwa, maana hawakuwa watu wa kuulizwa. Ndipo ikawa lazima mtaa ujengwe upya, na katika kujenga huko Jeevanjee alikuwa mstari wa mbele. Mwaka wa 1904 alijenga soko, ambalo ndilo lililokuwa soko la kwanza la mji wa Nairobi, na jina lake lipo hadi leo penye soko lililoko Biashara Street. Tajiri huyu alielewa kwamba mtaa wa maduka usiokuwa na soko ni sawa na nyumba isiyokuwa na jiko.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu. Wakuu wa utawala ule waliutazama mtaa wa wahamiaji, wakaona uchafu wake, wakasema kwamba uchafu huo ni tabia ya wakazi wake. Mwaka wa 1913 mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, aliletwa kuchunguza miji ya nchi hii, na ushauri wake ulikuwa kwamba watu wa rangi mbalimbali watenganishwe makazi kwa ajili ya afya. Basi ugonjwa uliotokana na ukosefu wa mitaro ukatafutiwa tiba katika rangi ya ngozi. Hakuna aliyeuliza kwa sauti kubwa: Kodi iliyolipwa na wenye maduka wa Bazaar ilikwenda wapi, ikiwa haikurudi kama mtaro, taa na maji safi? Kwa upande mwingine, hatutaki kusema kwamba wenye majumba hawakuwa na lawama. Mtu aliyepangisha chumba kimoja kwa familia mbili alijua alilokuwa akilifanya, na kodi ya chumba kile ilifika mfukoni kwake sawasawa na kodi ya jumba la ofisa. Kosa la serikali lilikuwa kuvuna bila kupalilia, na kosa la mwenye nyumba lilikuwa lile lile.

Mazungumzo kama hayo tumeyasikia mara ngapi kuhusu mitaa yetu wenyewe? Mtaa wa watu waliokuja kutafuta kazi bandarini husemwa kuwa ni mchafu, ni wa fujo, ni wa kubomolewa. Aghalabu ni kweli kwamba mtaro umeziba. Ila mwenye kuzibua mtaro si mpangaji wa chumba kimoja anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kubeba magunia. Mtaa haubomolewi kwa sababu wakazi wake ni wabaya. Mara nyingi hubomolewa kwa sababu ardhi yake imekuwa nzuri.

Turudi kwa Jeevanjee. Mwaka wa 1906 alifanya jambo ambalo limelidumisha jina lake kuliko majumba yake yote. Alitenga ekari tano katikati ya Nairobi, akazifanya bustani, akaweka humo sanamu ya Malkia Victoria ambayo ilifunuliwa na Duke wa Connaught, mwana wa malkia huyo, kisha akaikabidhi bustani hiyo kwa watu wa mji. Kila mtu yuko huru kudhani nia yake ilikuwa nini. Wako watakaosema kwamba alitafuta heshima mbele ya watawala, na sanamu ile ni ushahidi wao. Wako watakaosema kwamba mtu ambaye ardhi ilimpa kila alichonacho alitaka kurudisha sehemu yake. Huenda wote wamesema kweli. Lakini mti uliopandwa kwa ajili ya sifa hutoa kivuli sawa na mti uliopandwa kwa ajili ya thawabu, na wanaokaa chini yake hawajapata kuulizwa wanatoka kabila gani.

Heshima aliyoitafuta, ikiwa aliitafuta, ilikuja kidogo na kuondoka upesi. Miaka michache tu baada ya Baraza la Kutunga Sheria kuanzishwa mwaka wa 1907, Jeevanjee aliteuliwa kuwa mjumbe wake wa kwanza asiyekuwa Mzungu. Alijikuta peke yake miongoni mwa watu waliokwisha kuamua. Nyanda za juu zilikuwa zinafungwa kwa ajili ya walowezi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 ikampa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mtu wa rangi moja hadi wa rangi nyingine. Mjenzi wa mji alikuwa hana ruhusa ya kununua shamba nje ya mji alioujenga. Alikwenda London kulalamika, akaandika kijitabu mwaka wa 1912 kueleza madai ya Wahindi, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki mwaka wa 1914.

Hata hivyo hatutaficha upande wa pili. Katika madai yake ya mwaka wa 1910 huko London, Jeevanjee alifika hadi kusema kwamba nchi hii yafaa iunganishwe na milki ya India. Alipigania haki ya mhamiaji, tena kwa ushujaa, lakini akasahau kwamba ardhi iliyokuwa ikigombaniwa baina ya mlowezi na mwenye duka ilikuwa na wenyewe, nao hawakualikwa kwenye mkutano wowote. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka wa 1923 ulipotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia, ulitamka hivyo huku ukiziacha nyanda za juu mikononi mwa walowezi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kila mmoja alidai kwa jina la haki, na mwenyeji akaachiwa maneno. Wazee husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni yule alikuja na faida zake, wala hatuzikani, lakini mwenyeji alichelewa sana kupona.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka wa 1936, akiwa na umri wa miaka 80 hivi. Wakati huo sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Mikataba ilikwisha, majumba yakabadili wenyewe. Cha ajabu, mali yake iliyosalia ikiwa na jina lake wazi mbele ya watu ilikuwa ile aliyoitoa. Alivyovishika vilitoweka, na alichokiachilia kikabaki.

Lakini hata hicho kilikaribia kutoweka. Mwaka wa 1991 paliletwa mpango wa kuifanya Bustani ya Jeevanjee kuwa jengo la ghorofa la kuegesha magari, pamoja na maduka. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka wa 1989, nchi nzima ilikuwa imeshuhudia Profesa Wangari Maathai akisimama kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, akatukanwa na wakubwa, na mwisho jumba halikujengwa. Mara hii aliyesimama mbele alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, pamoja na wananchi wa kawaida waliokuwa na desturi ya kupumzika humo. Kelele zao zilisikika, mpango ukaachwa, na bustani ikabaki. Katika juhudi hizo palikuwa na silaha moja kubwa kuliko zote, nayo ni kumbukumbu. Palikuwa na mtu aliye hai aliyejua, akaweza kusema hadharani, kwamba mahali hapa palitolewa na fulani, mwaka fulani, kwa ajili ya fulani.

Hilo ndilo swali tunalotaka kulileta nyumbani. Je, viwanja vyetu vina mjukuu?

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya zawadi ya umma. Tangu karne nyingi tumekuwa na wakfu. Mwenye nyumba, shamba au kisima hukiweka wakfu kwa msikiti, kwa mafukara au kwa wasafiri, na tangu siku hiyo kitu hicho hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi tena zawadi kwa mtu mwingine. Hata aliyekitoa hana uwezo wa kukirudisha. Mwangalizi wa wakfu ni mtumishi wa mali ile, naye si mwenyewe. Ipo hata tume ya serikali yenye kazi ya kuzitunza mali hizo. Basi sisi twaona ajabu kwamba watu wenye desturi kama hii, ambao hutetemeka wakisikia kwamba mtu amekula mali ya wakfu, hukaa kimya wanapoona kiwanja cha shule, njia ya kwenda baharini, au uwanja wa mpira wa mtaa unapimwa usiku na kuuzwa mchana. Kiwanja cha umma ni wakfu usiokuwa na jina la aliyeutoa. Dhambi ya kukila haipungui kwa sababu mtoaji wake hajulikani.

Ardhi ya kisiwa hiki ina historia yake ngumu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ya pwani alete madai yake yaandikwe. Aliyejua kusoma, au aliyekuwa na wakili, aliandikisha. Asiyejua, au aliyeambiwa kwamba shamba la babu yake halihitaji karatasi, alijikuta juu ya ardhi ya serikali au ya mtu mwingine. Kutokana na hayo, na kutokana na ada yetu ya zamani inayotenganisha nyumba na ardhi iliyo chini yake, tukapata utaratibu ambao Mombasa yaujua kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii: mtu ana nyumba, lakini hana ardhi. Majengo na mitaa mingine ilikua hivyo. Watu waliokuja kutoka mashambani na kutoka bara kufanya kazi bandarini walijenga nyumba za Kiswahili za vyumba sita, wakalipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa mwenye ardhi, wakazaa na kuzikana humo. Utaratibu huo uliwapa makao maelfu ya watu ambao serikali haikuwa na nyumba ya kuwapa, wala haustahili kudharauliwa. Ubaya wake ni kwamba siku mwenye ardhi akiuza, mwenye nyumba hana la kusema. Huambiwa achukue mbao na mabati yake aende. Ukuta wa udongo na mawe haubebeki, na miaka 40 haibebeki vilevile.

Kuhusu viwanja vya umma, nchi haiwezi tena kusema kwamba haijui. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliteuliwa mwaka wa 2003, ikakabidhi ripoti yake mwaka wa 2004, na ikaonyesha jinsi ardhi ya barabara, masoko, bustani, shule na misitu ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Katiba ya mwaka wa 2010 ikasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi kusimamia ardhi ya umma. Na mwezi wa Aprili mwaka wa 2023 Mahakama ya Upeo ilitoa hukumu iliyohusu kiwanja cha wazi kule Nyali, kilichofikisha watu baharini. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilikuwa upande mmoja, na kampuni iliyokinunua kiwanja upande wa pili. Mahakama iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji usio halali haimlindi mnunuzi, hata akiwa ameinunua kwa fedha yake, ikiwa hakuchunguza mzizi wake. Kwa maneno ya mtaani, karatasi peke yake haitoshi. Hukumu hiyo ni ngao kwa wananchi wa pwani, lakini ngao iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu.

Kwa hiyo tunalo la kuwaambia wakuu wa kaunti na wa serikali ya taifa, nasi twalisema kwa heshima lakini bila kung'ata maneno.

Kwanza, viandikwe. Wazee wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila kiwanja cha wazi, kila njia ya kwenda ufukoni, kila uwanja wa shule na kila makaburi ya kisiwa hiki yapimwe, yaandikishwe kwa jina la umma, na orodha yake ibandikwe mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuisoma bila kumbembeleza karani. Orodha iliyofungiwa kabatini huwa msaada kwa mwizi kuliko kwa mwenye mali, maana mwizi ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

Pili, mtaa wa zamani usibomolewe kabla ya wakazi wake kupata maandishi. Hatupingi majengo mapya. Kisiwa hiki ni kidogo, watu wanaongezeka, na kwenda juu hakuepukiki. Tunachokipinga ni ahadi ya mdomo. Mpangaji akiambiwa kwamba atarudi jengo likimalizika, apewe karatasi yenye sahihi, yenye kodi atakayolipa na siku atakayorudi. Na yule mwenye nyumba asiyekuwa na ardhi apewe nafasi ya kwanza ya kununua ardhi iliyo chini ya kitanda chake, kabla ya kuuzwa kwa mgeni. Bazaar ya Nairobi ilichomwa pasipo wakazi wake kuulizwa. Zaidi ya miaka 100 imepita, nasi tumejitawala. Tukifanya yale yale, tutakuwa tumebadili tu rangi ya anayeshika kiberiti.

Tatu, mtaro utangulie ghorofa. Jengo la vyumba 80 likipitishwa penye bomba la maji lililowekwa kwa ajili ya nyumba nane, ofisa aliyetia sahihi amewatia watu 500 katika dhiki kwa kalamu moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mambo ya maji machafu, ukuta huo hujengwa hospitalini.

Wenye kujenga nao wana fungu lao katika maneno haya. Wako miongoni mwao watu waaminifu, nasi twatambua kwamba pasipo wao hakuna ajira kwa waashi, mafundi bomba na wachukuzi wetu. Tunawaomba watazame mwisho wa Jeevanjee. Alijenga ofisi, majumba, soko na mtaa. Lililobaki kinywani mwa watu ni ekari tano ambazo hakuzitoza kodi. Mjenzi wa leo anayepata kibali cha kujenga minara mitatu hashindwi kuacha kiwanja kimoja cha watoto kucheza, na akiacha, akiandikishe kwa jina la umma angali hai, kwa sababu ukarimu wa mdomo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Na sisi wenyeji tujiulize pia. Ni mara ngapi tumeona mabati yakizungushwa penye uwanja wa mtaa, tukasema, labda mwenyewe anayo barua? Ni mara ngapi tumeuza kura, na hata shahada ya nyumba, kwa bei ya gunia la unga? Bustani ya Jeevanjee haikuokolewa na mahakama wala na waziri. Iliokolewa na watu waliokuwa wakikaa ndani yake, waliokataa kuinuka. Mzee wa mtaa anayejua kwamba uwanja fulani ulitolewa na familia fulani kwa ajili ya vijana, na asimwambie mtu, anakwenda kaburini na hati ya uwanja huo mfukoni. Twawasihi wazee wetu wa Mji wa Kale, wa Majengo, wa Makadara, wa Kizingo na wa Tudor: ketini na wajukuu, waonyesheni mipaka, waambieni nani alitoa nini. Vijana nanyi andikeni. Simu mlizo nazo zaweza kupiga picha ya jiwe la mpaka kabla halijang'olewa.

Ikiwa siku moja msafiri kutoka Nairobi atashuka hapa kwetu na saa moja ya kupoteza, naye ataelekezwa wapi? Twatumaini atapata mahali penye kivuli, pasipo kiingilio, ambapo mhubiri, mpiga picha na mzee aliyelala wanaweza kukaa pamoja, na upepo wa Kilindini ukawafikia wote bila kupitia ukuta wa mtu. Mahali hapo pangalipo leo, pachache. Kuvitunza si kazi ya kizazi kijacho, kwa sababu kizazi kijacho hakitavikuta.